Upande wa Pili Bado

Jumatatu, 1 Septemba
Shule imefunguliwa. Watoto sabini na wawili, viazi kilo ishirini, na lile tanuri la kushoto bado linaunguza nyuma na kuacha mbele kubichi. Nimeanza daftari hili kwa sababu mume wangu Mervyn amesema nikimweleza habari za nyumba mara moja zaidi atahamia bandani akalale na kuku. Haya, basi nitaliambia daftari.

Habari yenyewe ni hii. Kanali anaichukua nyumba tunayopanga. Miaka ishirini na saba tumemlipa bila kuchelewa, leo anataka iwe ya wageni wa mwisho wa wiki, na sisi tuwe tumetoka ifikapo Ijumaa, tarehe 12 Desemba. Barua yake ilijaa adabu, hata kuku ametuulizia hali. Hapa Pillbrook nyumba ya kupanga haipo tena, na zinazouzwa wanazinunua watu wa London kabla sisi hatujamaliza kusoma tangazo. Imebaki moja tu ya saizi yetu: ya Bwana Preece, pale juu ya kijito. Mkewe Olwen alifariki mwaka juzi. Yeye ana miaka themanini na sita, na binti yake Rosalind anataka ahamie mji wa Leominster, jirani naye, kwenye nyumba isiyo na ngazi.

Alichotuachia marehemu kaka yake Mervyn, pamoja na mkopo mdogo wa benki, vinatosha nyumba ile na si nyingine. Tukiikosa tunakwenda gorofani mjini Hereford. Mimi sijui kuendesha gari, kwa hiyo jiko la shule ndiyo basi. Mervyn atakaa dirishani na goti lake bovu akihesabu mabasi. Sitaki. Nasema wazi humu, maana kwingine sijasema.

Jumamosi, 6 Septemba
Tumekwenda kwa Bwana Preece. Chai, biskuti za tangawizi, vikombe vya Olwen vyenye maua ya buluu. Jikoni mna dirisha linalotazama mpeasi mkubwa, na mpeasi umejaa. Niliitaka nyumba ile. Mervyn akataja bei tuliyopatana na dalali, mzee akaitikia kwa kichwa, wakashikana mikono.

Mlangoni akaniambia, "Vitu ni vingi, Bi Yapp. Sijui nianzie wapi."

"Aa, hakuna haraka hata kidogo, Bwana Preece. Chukua muda wako."

Akanipigapiga mkono, macho yamemlowa. Ya Kanali sikumwambia. Mtu anaagana na nyumba ya maisha yake, nianze kumwekea saa?

Jumatatu, 15 Septemba
Nimempigia wakili. Msichana wa ofisini kwake ana sauti ya mtu aliyekwishachoka kabla ya chai ya asubuhi. Akaniambia, "Upande wa pili bado, Bi Yapp."

Mambo yako hivi: sisi hatuingii kwa Preece mpaka Preece aingie Leominster, na Preece haingii Leominster mpaka mama mwenye nyumba ile ahamie kwa dada yake Malvern. Mnyororo. Mawakili wanabadilishana mikataba yote siku moja, kwa simu, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyefungwa na lolote. Yeyote anaweza kuamka asubuhi akasema nimeghairi, na asikamatwe na mtu. Kushikana mikono kule si kitu kisheria, ni mazoezi ya viwiko tu.

Jumanne, 23 Septemba
Taarifa ya mkaguzi wa nyumba imefika. Kurasa arobaini na mbili. Ukuta wa kaskazini una unyevu. Shimo la majitaka "huenda likahitaji uchunguzi zaidi." Paa "huenda." Bomba "huenda." Mervyn akasema hata yeye angekaguliwa na jamaa huyo asingepita.

Jumatatu, 29 Septemba
Upande wa pili bado.

Jumamosi, 4 Oktoba
Karamu ya mavuno ukumbini. Nimepika pai za tofaa kumi na nne, na meza ya mbele wakamaliza kastadi yote kabla ya meza ya nyuma kupata kijiko. Bwana Preece alileta kikapu cha mapeasi yale magumu ambayo hakuna awezaye kuyatafuna, ya kukamulia kinywaji, na watu wote wakamshukuru kana kwamba wangeyala.

Rosalind alikuwepo, koti zuri, simu mkononi. Pauline wa duka la posta, ambaye kila mtu kwake ni mpenzi hata polisi, akaniinamia sikioni.

"Mpenzi, mwangalie huyo. Anamng'oa baba yake kama jino."

"Pauline, anayeinunua ni mimi."

"Wewe sikusemi, mpenzi. Wewe ni wetu."

Nikamtazama Rosalind akimfunga baba yake skafu. Nikajisemea, una haraka ya nini wewe? Halafu nikakumbuka kwamba haraka yake ndiyo dawa yangu. Nikanywa glasi ya pili.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bado. Mvua.

Jumatatu, 20 Oktoba
Bado. Mvua. Nimemuuliza yule msichana, "Upande wa pili ni nani hasa?" Akajibu, "Ni upande wa pili, Bi Yapp." Ni yule mama wa Leominster, nani mwingine? Namwona kabisa ameketi amekunja miguu, anapigiwa simu na dada yake wa Malvern, wanasema wiki ijayo, wiki ijayo. Nimeanza kumchukia mtu ambaye hata jina simjui. Leo nimekata vitunguu vyote vya supu nikimfikiria yeye.

Jumapili, 26 Oktoba
Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Giza linaingia na chai. Nimempelekea Bwana Preece supu, ni wiki ya tano sasa. Hakuna sanduku hata moja lililofungwa. Alinionyesha picha za harusi.

"Umesikia chochote kutoka Leominster?" nikauliza, kama anayeuliza hali ya hewa.

"Wanasema wanashughulikia."

"Vizuri. Vizuri sana."

Nikarudi kwenye matope nikijitukana. Vizuri nini? Vizuri kwa nani?

Jumatano, 5 Novemba
Fataki za kila mwaka zimelowa. Ziliwaka tatu tu. Kuku wameacha kutaga.

Jumapili, 9 Novemba
Tumesimama kwenye mnara wa mashujaa, dakika mbili kimya, mvua ikiingia shingoni. Kanali aliweka shada. Baadaye akanishika kiwiko: "Naamini mambo yenu yanakwenda, Gwenda?" Nikasema yanakwenda salama, asante. Akasema amefurahi mno, maana mafundi wake wanaanza tarehe 15 Desemba. Nikasema oh, vizuri.

Mimi na hiyo vizuri yangu!

Jumatatu, 17 Novemba
Bado. Wakili anasema mawakili wasipobadilishana mikataba ifikapo tarehe tano mwezi ujao, hatuwezi kukabidhiwa funguo tarehe kumi na mbili. Tumefunga masanduku ishirini na sita. Tunakula kwa sahani mbili na uma mmoja mmoja. Mervyn alikuwa anatafuta soksi za sufu.

"Ziko sanduku la kumi na nne."

"La kumi na nne liko wapi?"

"Chini ya la kumi na tisa."

Akaketi kitandani na soksi moja ya pamba mkononi, akasema, "Gwen, labda tukaiangalie ile gorofa." Niliosha sahani zote mbili mara mbili. Nimechoka mimi. Nimechoka mpaka kope.

Jumamosi, 22 Novemba
Mvua siku tatu mfululizo. Kijito kimepanda njiani, na asubuhi Pauline kapiga simu kwamba maji yako hatua nne kutoka mlango wa Bwana Preece. Mervyn akatoa trekta lake la kukatia nyua za miti, akaweka mifuko ya mchanga nyuma, mimi nikapanda ubavuni na mabuti yangu. Tuliipanga mifuko mlangoni mpaka saa sita. Maji hayakuingia. Mzee alisimama ndani kwenye ngazi ya pili, na tai shingoni, akisema mnajisumbua bure jamani, mnajisumbua bure.

Mervyn akaenda kuwasaidia wa nyumba ya chini. Mimi nikaingia jikoni nimtengenezee mzee mkate wa kubanika. Nikafungua kopo la mkate.

Ndani hamkuwa na mkate. Mlikuwa na bahasha. Nyeupe, ndefu, zenye mhuri wa wakili wake, nne. Moja tu iliyofunguliwa. Nyingine zimefungwa vilevile zilivyotoka posta, na ya chini kabisa ina tarehe ya Septemba.

Nilisimama nimelishika lile kopo. Nyuma yangu kiti kikalia.

"Mkate uko kabatini," akasema. "Nilihamisha."

"Bwana Preece, hizi ni karatasi za kutia saini."

"Ndiyo."

"Ni za nyumba hii. Za nyumba yetu."

"Ninajua, Bi Yapp. Nilikuwa nazifikia." Akanitazama usoni, wala hakuwa na hila. "Ulisema hakuna haraka."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Dakika ile ile. Nikafunga kopo, nikalirudisha mahali pake, nikasema, "Ndiyo. Nilisema." Nikambanikia mkate. Nikampakia siagi. Nikamkatia pembe nne kama watoto wa darasa la kwanza.

Nilimweleza Mervyn tukiwa bado tunavua mabuti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba kwa miaka thelathini na mmoja.

"Umemwambia kwamba tunafukuzwa?"

"Sijamwambia."

"Tangu Septemba?"

"Sikutaka aone tunamsukuma."

"Unampelekea supu kila Jumapili! Mnazungumza nini nyie?"

"Supu."

"Mungu wangu, Gwen." Akaanza kucheka, kicheko kibaya. "Mwanamke unaweza kumfokea mkaguzi wa afya mpaka akaomba radhi, mzee wa miaka themanini na sita anakushinda?"

"Na wewe je? Wewe ulimwambia?"

Akavuta buti la pili. Yeye naye alikuwa akimsaidia kufyeka majani kila Jumatano.

Jumapili, 23 Novemba
Nimekwenda bila supu, ili nisiwe na pa kujifichia. Nilimkuta anasoma gazeti la jana. Sikukaa.

"Bwana Preece, Kanali anatutoa. Tarehe kumi na mbili Desemba tuko nje. Usipotia saini wiki hii tunakwenda Hereford, gorofani, na mimi naacha kazi. Nilipaswa kukwambia mapema. Sikukwambia, na nimekosa."

Gazeti likashuka polepole.

"Kumi na mbili ya mwezi ujao huu?"

"Ndiyo."

"Lakini wewe mwanamke! Mbona hukusema?" Amekasirika, mashavu mekundu. "Unakuja hapa, unakaa kwenye kiti hicho, unaniuliza habari za mafua! Mimi nilidhani mna mahali. Nilidhani mnaitaka kwa baadaye baadaye."

"Na wewe mbona hukusema hutaki kuondoka?"

Akaangalia dirishani. Mpeasi umebaki matawi matupu.

"Sikusema sitaki," akasema. "Sijui kama sitaki. Rosalind ananiambia, Baba, ni uamuzi wako, ukitaka tu. Daktari, ni uamuzi wako. Wewe, chukua muda wako. Kila bahasha ikija naiona, nasema nitaifungua nikishajua ninachotaka. Sasa sijui, Bi Yapp. Kila nikiamka sijui."

Nilimpigia Rosalind kutoka kwenye simu ya mzee. Nilijiandaa kwa ugomvi. Badala yake nikasikia mtu anapumua kwa shida, halafu analia. Tangu Septemba baba yake anamwambia kwamba anayechelewesha ni mimi. Si kwa ubaya. Alimwambia, Bi Yapp hana haraka. Naye Rosalind kila Jumamosi amekuwa akiendesha gari kuja kukunja nguo za marehemu mama yake, mzee anazikunjua, anazirudisha kabatini. Na yule mama wa Leominster, yule niliyemkatia vitunguu mwezi mzima? Ana masanduku mlangoni tangu tarehe tisa Oktoba. Analalia godoro chini. Upande wa pili ulikuwa sisi.

Rosalind alikuja kwa gari mchana ule ule, na mzee akatia saini zote jikoni, kwa kalamu ya binti yake, akiuliza kila ukurasa, "Na hapa?" Nilishikilia karatasi zisiteleze.

Jumatatu, 24 Novemba
Msichana wa wakili: "Upande wa pili wameleta karatasi, Bi Yapp!" Sauti yake ilikuwa karibu ichangamke.

Ijumaa, 5 Desemba
Mawakili wamebadilishana mikataba saa tano na dakika kumi, nikiwa natoa samaki tanurini. Sasa wote tumefungwa. Nyumba ni yetu tarehe kumi na mbili, na mzee awe ametoka kabla ya saa saba mchana. Wapishi wenzangu walipiga makofi. Nikaketi juu ya gunia la unga, wakaleta chai. Furaha haikuja. Labda nayo imo mahali kwenye bahasha isiyofunguliwa.

Jumatano, 10 Desemba
Kuku wamekwenda kwa Pauline kwa muda. Wamemchukia.

Ijumaa, 12 Desemba
Tulirudisha funguo za Kanali saa nne asubuhi. Hakuna pa kurudi tena. Gari la kukodi limejaa, meza juu, magodoro yamefunikwa turubai na turubai linavuja. Saa sita kasoro tukafika kwa Bwana Preece.

Gari la wahamishaji wake lilikuwa tayari limefungwa milango, jamaa wawili wanavuta sigara chini ya mpeasi. Rosalind amesimama njiani bila mwavuli.

"Bado kiti kimoja," akasema. "Amekikalia."

"Tangu saa ngapi?"

"Alisema dakika tano. Ilikuwa saa nne." Nywele zimemganda usoni. "Nimemwambia, Baba, ukiwa tayari. Gwenda, siwezi. Ni baba yangu, siwezi."

Jamaa mmoja akasema wana kazi nyingine Ludlow saa nane. Simu ya Rosalind ikalia, yule mama wa Leominster anauliza aache ufunguo na nani.

Nikaingia. Nyumba tupu ina mwangwi. Pale zilipokuwa picha, ukuta una rangi nyingine. Amekaa katikati ya jikoni, koti, tai, kofia magotini, mikono juu ya kofia.

"Bi Yapp. Unadhani itakatika mvua hii?"

"Haitakatika leo."

"Hapana. Hata mimi naona."

Nilisimama. Saa sita na nusu. Nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, "Bwana Preece, ukiwa tayari…"

"Ndiyo, ndiyo," akasema kwa upole. "Nikiwa tayari."

Nje injini ya gari letu ilikuwa inanguruma, Mervyn haizimi kwa sababu betri ni mbovu. Nikamwangalia mzee, nikaona kwamba ataendelea kukaa pale, na sisi wote tutaendelea kumngoja nje kwa adabu, mpaka usiku, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amemtendea wema. Sijawahi kumwita kwa jina lake. Hakuna kijijini anayemwita hivyo tangu Olwen afariki.

"Godfrey," nikasema. "Simama. Hii ni nyumba yangu sasa. Ondoka."

Alinitazama. Nikangoja anitukane.

"Asante," akasema.

Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Mwaka mzima wananiuliza ninataka nini. Ninachotaka ni Olwen awe hapo kwenye sinki. Hicho hakuna awezaye kunipa. Nilikuwa nangoja tu mtu aniambie niende."

Akanyoosha mkono, nikamwinua. Ni mwepesi, jamani. Tulitoka tumeshikana, akachovya buti kwenye dimbwi, akamwambia Rosalind asisimame mvuani kama kondoo. Akapanda gari. Hakugeuka kutazama nyuma, alikuwa anahangaika na mkanda wa kiti.

Pauline alikuwa ng'ambo ya njia na mwavuli wake, ameona yote, amesikia sijui kiasi gani. Hakuniita mpenzi. Akainamisha kichwa, akaenda zake. Sawa. Nitaishi naye hapa miaka mingine ishirini, atanisema au hatanisema.

Nilirudi jikoni. Kile kiti nacho wamekichukua. Nikaketi sakafuni katikati ya nyumba yangu, nikalia kwa sauti, mdomo wazi. Mervyn aliingia na godoro kichwani, akanikanyaga.

Jumamosi, 13 Desemba
Tumeamka na mafua wote wawili. Ukuta wa kaskazini kweli una unyevu. Rosalind amepiga simu, mzee kalala vizuri na ameshagombana na jirani kuhusu pipa la taka.

Nilimwambia Mervyn, "Siku yangu ikifika, usiniulize ninataka nini. Usiniambie nichukue muda wangu. Niambie, Gwen, simama, twende."

"Sawa."

"Si sawa. Apa."

Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la kumi na nne, hatimaye amezipata soksi zake.

"Na yangu ikitangulia?"

"Nitakwambia. Sasa najua kusema."

Akaapa.